Majina Yanaingia, Hayatoki
Barua ya wazi kwa wazee wa mitaa, wajumbe wa Nyumba Kumi na wanakamati wa usalama, Mombasa



Nimesikia karatasi inaandikwa tena. Aliyeniambia ni mmoja wenu, mtu mzima ninayemheshimu, tumekaa barazani kwake baada ya isha. Alisema mmeona afadhali majina ya vijana wasumbufu yawe tayari kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto, na kwamba kwa upande wa mtaa wetu yameshafika 19. Akanitajia matatu. Wote watatu nawajua. Mmoja ana miaka 14, na kila Jumamosi jioni mimi ndiye ninayemfundisha kudaka.

Usiku ule usingizi haukuja. Karatasi ya namna hiyo naijua, maana nami niliwahi kuandikwa. Mtaa sitautaja, wala mzee aliyeniandika. Ameshatangulia mbele ya haki na sina kinyongo naye. Lakini nyinyi mko hai na kalamu iko mkononi mwenu, ndiyo maana nimeona niseme hadharani kuliko kunong'ona barazani.

Sikuja kuwaambia kwamba vijana wale ni malaika. Nilikuwa mmoja wao tangu nina miaka 13 mpaka 19. Najua mwenye duka anavyoteremsha mlango saa moja jioni akisikia vishindo vya mbio kichochoroni. Najua mama anavyomtuma mtoto sukari kisha akasimama mlangoni mpaka amwone anarudi. Kundi la vijana kupita na mapanga likimkata yeyote liliyekutana naye ni unyama, na aliyekatwa hana wajibu wa kusikiliza habari za umaskini wa aliyemkata. Hilo nalikubali kabla sijasema jingine lolote. Ninachobishana nanyi ni karatasi.

Nilizaliwa 1995. Mwanzoni mwa 2008 mamangu alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, nami nikabaki kwa nyanya. Nyumba za namna hiyo mnazijua, hakuna mtaa wa Mombasa usiokuwa nazo: bibi mmoja, wajukuu watano, na simu moja inayosubiriwa ilie mwisho wa mwezi. Mwaka wa kwanza ililia. Baadaye ikakaa kimya miezi saba, na nyanya akawa anaichaji kila siku vile vile.

Kundi niliingia kwa njia ya mpira. Sisi wadogo tulikuwa na timu yetu, wakubwa wana yao, na mechi ikiisha tulikwenda kukaa kwenye baze yao, kibanda cha mabati nyuma ya karakana. Ndani mlikuwa na kiti cha nyuma cha matatu kilichong'olewa, redio, na sinia. Sinia lile nalikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha miaka ile. Saa mbili usiku wali ulimwagwa humo, juu yake maharagwe ya nazi, siku nyingine vipande vya papa, na sisi wadogo saba tukalizunguka. Mkubwa mmoja alikuwa akichambua minofu kwa vidole na kuisogeza upande wa aliye mdogo kuliko wote. Aliye mdogo kuliko wote nilikuwa mimi. Nyumbani nyanya alikata mkate kwa kisu, kila mjukuu na kipande chake, kisha akasema yeye ameshiba. Nilijua hajala. Basi nilipokula baze nilijiona nimefanya jambo jema: kipande changu kilibaki nyumbani, na huenda usiku ule angekila yeye.

Wakanipa jina. Sitaliandika hapa kwa sababu bado linaandikwa na wengine, lakini ndani ya mwezi mmoja hakuna kijana aliyeniita vinginevyo. Jina nililopewa na babangu lilibaki kwa nyanya na kwa mwalimu wa chuo cha Kurani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba. Polisi wakipekua huanza na wakubwa, kwa hiyo panga hubebwa na mtoto. Walilifunga gazeti, wakaliteremsha ndani ya suruali yangu upande wa kulia, mpini ukakaa kiunoni chini ya fulana. Bapa la panga ni baridi hata katika joto la Februari, na ukiwa nalo pajani goti halikunjiki. Jioni moja napita hivyo, nakokota mguu, mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai kando ya njia akanisimamisha. "Pole baba, umeumia mguu?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanifungia viazi viwili kwenye karatasi, akaniambia nikifika nyumbani nikandwe kwa maji ya moto na chumvi. Nikaenda navyo, navila njiani.

Habari hiyo sijapata kumwambia mtu mpaka leo. Nawaambieni nyinyi ili mjue mnayemwandika ni nani. Mama yule aliuliza swali moja tu, na alikuwa na haki ya kuishia hapo, mafuta yake yalikuwa motoni. Lakini nimewaza mara nyingi: angenipa swali la pili, angesema hebu niuone mguu wenyewe, nadhani ningelia palepale na panga lingetoka.

Sheria iliniona kwa jicho jingine, na sijui ni wangapi miongoni mwenu mmewahi kusomewa maneno yake. Kifungu cha 296(2) cha Sheria ya Adhabu kinahesabu kuwa wizi wa kutumia nguvu uporaji wa mtu aliyekuwa na silaha, au aliyefuatana tu na mwenzake, na adhabu inayotajwa pale ni kifo. Kwa maana hiyo hata anayesimama kona kuangalia njia, simu ya mtu ikiporwa mbele yake, yumo. Mtoto hanyongwi, lakini akitimiza 18 usiku wa leo, kesho yumo ndani ya kifungu hicho mwili mzima. Na Sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa ya 2010 inaweka mpaka miaka 15 jela, au faini ya mpaka shilingi milioni 5, au vyote viwili, kwa kuwa mwanachama tu wa kundi. Mnapoandika jina la kijana mkaongeza mbele yake jina la kundi, mmeshika shingo yake.

Mwaka 2010 ndipo kamba ilipokaza. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefanya mtihani wa darasa la nane na kupata alama za kuniingiza sekondari ya kutwa. Karo ya masomo serikali ilikuwa ikilipa tangu 2008, lakini sare, viatu, dawati na chakula cha mchana vilimsubiri mzazi, na simu ya Saudia ilikuwa kimya. Nikakaa nyumbani wiki mbili. Wiki ya tatu nikahamia baze, sasa mchana na usiku.

Oktoba ya mwaka ule serikali ikatangaza kupiga marufuku makundi 33. Letu halikuwemo, lilikuwa dogo mno. Mkubwa wetu alikuja na gazeti akatusomea majina yote kwa sauti, moja baada ya jingine, na wazee wangu, hakuna aliyeogopa. Tuliona wivu. Usiku huo walizungumza jinsi ya kulifanya jina letu lifike mbali. Miaka sita baadaye, Desemba 2016, waziri Joseph Nkaissery alipotangaza makundi 90, wakati huo mimi nimeshatoka, nikawaona watoto wa darasa la sita wanaandika kwa makaa, kwenye ukuta wa msikiti, majina yaliyotoka gazetini. Kijana ambaye hayumo kwenye rejista ya shule wala kwenye daftari la mshahara la mtu yeyote, siku akiandikwa mahali hujiona amehesabiwa. Ndivyo orodha zinavyofanya kazi upande wa pili, upande msiouona mkiwa mmekaa kwenye viti vya kikao.

Mjomba alikuja kunichukua mwanzo wa kaskazi, mwishoni mwa 2011. Hakunigombeza. Alimwambia nyanya anifungie nguo, tukavuka feri ya Likoni, tukapanda matatu mpaka Lunga Lunga, na jioni tulikuwa Vanga, mpakani kabisa na Tanzania, kwenye mikoko na harufu ya dagaa waliotandazwa juani. Kazi yangu chomboni ilikuwa kufua maji. Ukikaa usiku mzima umeinama unafua maji kwa kopo la lita tano lililokatwa mdomo, mawazo ya baze hayapati nafasi. Msimu wa kusi bahari ilipochafuka tulikaa pwani tukitengeneza nyavu, na baharia mmoja mzee akanifundisha kushika sindano ya mti na kuhesabu macho ya wavu. Mezani kwa mjomba nilikuwa na jina langu la nyumbani. Nilikaa miezi kumi na moja.

Nilirudi Mombasa Oktoba 2012 kumwona nyanya, aliyekuwa mgonjwa. Siku ya nne, alfajiri, nikakamatwa nikitoka kuchota maji. Walikuwa wanatafuta waliovunja duka moja katika Ramadhani ya mwaka ule. Ramadhani ile yote nilikuwa Vanga, sindano mkononi. Nililieleza hilo kituoni, na mtu akafungua droo akatoa karatasi iliyotolewa kopi, mistari yake imeandikwa kwa mkono. Namba nne palikuwa na lile jina la baze. Halikuwa na tarehe. Halikueleza nimefanya nini, lini, wala nani aliona. Nilikuwa na miaka 17, na nililala siku tatu na watu wazima, mmoja wao akitapika kwa kukosa unga wa kulevya.

Mjomba alifika na mabaharia watatu kushuhudia, nikaachiwa bila kushtakiwa. Tukaenda moja kwa moja kwa mzee aliyeandika. Alitukaribisha vizuri, akatuletea kahawa. Mjomba akamwomba jambo moja, afute mstari ule. Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akajibu: "Nikilifuta, na kesho akakosea, nitaulizwa mimi. Nikiliacha, hakuna atakayeniuliza."

Miaka imepita na bado sijasikia mtu akieleza jambo hili vizuri kuliko alivyolieleza yeye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiogopa, na hofu yake ilikuwa na hesabu sahihi: anayeacha jina halaumiwi kamwe, anayelifuta hubeba dhamana peke yake. Kwa sababu hiyo majina yanaingia na hayatoki. Mtu aliyekwisha kufa yumo. Aliyehamia Voi na ana watoto wawili yumo. Aliyetajwa na jirani kwa ugomvi wa ukuta wa choo yumo. Na kila likitokea la kutokea, karatasi ile ile inafunguliwa.

Baada ya kuachiwa nilizunguka soko la Kongowea wiki nzima nikitafuta kazi ya uhamali. Anayepanga mahamali wa upande mmoja alinikubali asubuhi, mchana akanirudisha, amesikia nilikuwa ndani. Nauli ya kurudi Vanga sikuwa nayo na nyanya hakuwa wa kuachwa. Usiku wa siku ya nane nikaenda baze. Hawakuniuliza nilikuwa wapi. Walisogea, nikapata nafasi kwenye sinia.

Sasa nifike mahali penye uzito kwangu. Mwaka 2013, alfajiri moja, nilisimama kona kuangalia njia. Mama muuza chapati alikuwa anakwenda sokoni na pesa zake za unga wa ngano zimefungwa kwenye pindo la leso. Mwenye panga alikuwa na miaka 16. Mama aliinua mkono kukinga uso. Mimi sikuona, nilikuwa nimegeukia barabara, nilisikia tu. Sauti ile sitaieleza. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunji mpaka leo.

Mzee wa karatasi hakumkata mama yule, wala sitamtwika mzigo wangu. Aliyesimama kona ni mimi, kwa miguu yangu. Lakini lazima niseme na hili, kwa sababu ni kweli pia: nilikuwa nimeshatoka. Miezi kumi na moja nilikuwa nimetoka kabisa, na kulikuwa na mtu mmoja Mombasa aliyeweza kulithibitisha kwa kupitisha kalamu juu ya mstari.

Mwaka 2016 nilikwenda kwa mama huyo pamoja na mjomba na imamu wa msikiti. Nilimwambia nilikuwa wapi alfajiri ile. Alinisikiliza, anasukuma chapati kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Nimekusikia. Sasa nenda." Nikaenda. Sijamwomba tena chochote, na nikipita njia ile huvuka upande wa pili ili asilazimike kuniona.

Kilichonitoa mara ya pili ni vifo. Wa kwanza alipigwa risasi usiku, na aliyempiga hajajulikana. Wa pili watu walimzingira sokoni, wakapiga kelele za mwizi, na tairi likapatikana. Wa tatu aliingia kwenye unga, akakutwa asubuhi nyuma ya soko, amekauka. Wa nne yuko gerezani. Kati ya wale saba wa sinia tumebaki watatu uraiani. Kila mtaa una hesabu yake ya namna hii. Shirika la Haki Africa lilitoa ripoti mwaka 2016 yenye majina ya watu 81 wa Pwani waliouawa au kupotea mikononi mwa vyombo vya usalama kati ya 2012 na 2016. Wengi wao walihusishwa na ugaidi, siyo na magenge kama letu, lakini mama zao wanaomboleza kwa Kiswahili kile kile. Mimi baada ya maziko ya pili nikampigia mjomba simu. Akanitafutia mahali kwa fundi wa injini za mashua, na hapo ndipo nilipo mpaka leo.

Mwaka uliofuata nikahitaji cheti cha tabia njema. Nilichukuliwa alama za vidole vyote kumi, zikapelekwa Nairobi, nikakaa wiki nne tumbo linaniuma. Siku hizi ada yake ni shilingi 1,050. Kwa kijana asiye na kazi hiyo ni chakula cha siku nyingi. Cheti kikarudi safi. Sikuwa nimewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote, kwa hiyo taifa zima halikuwa na neno juu yangu. Nilikipeleka kwa mzee. Alivaa miwani, akakisoma mara mbili, akanipa mkono. Mstari namba nne ukabaki pale pale. Nililijua hilo miaka miwili baadaye, nilipokamatwa tena, saa chache tu safari hiyo, na karatasi ikatoka tena.

Mtaniambia: kijana, yote haya tumeyasikia, lakini wewe utatulinda? Tukienda nyumbani kwa mtoto na kumweleza mzazi, usiku kundi zima litakuja kugonga milango yetu. Hofu hiyo siidharau. Wapo wazee waliokatwa kwa sababu tu walionekana wakiingia ofisi ya chifu. Hakuna anayewaomba mwende kwa yule wa miaka 24 mwenye silaha na damu mikononi; huyo ana polisi na mahakama. Mimi nazungumzia wale wa miaka 12, 13, 14. Hao bado wanatumwa tu. Hao bado wana nyanya. Kwao mkienda wawili, mmoja akawa mwalimu wake wa chuo au mchungaji wa familia, hakuna panga litakalotoka. Kitatoka kilio, nacho hamtakisahau.

Na sheria iko upande wenu katika hilo. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai hata kidogo. Zamani mpaka ulikuwa miaka 8. Wa chini ya 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya mpaka mahakama iridhike kwamba alijua. Sheria hiyo imekataza hata kusema kwamba mtoto ametiwa hatiani, imeagiza mzazi aarifiwe anapokamatwa, asichanganywe na watu wazima, na imeweka njia ya kumaliza makosa madogo bila kesi. Bunge limeona mtoto asipachikwe neno lile mahakamani mbele ya hakimu. Iweje apachikwe na mtu anayemjua nyanya yake?

Jambo jingine limenikera kwa miaka mingi. Sijawahi kuona karatasi ya mtaa yenye jina la mtu mzima. Simu zile tulizopora zilinunuliwa na mtu mwenye duka, mwenye familia, anayeswali safu ya mbele. Tembe za kulevya za bugizi ziliuzwa kwetu na mtu wa miaka 40. Kampeni za 2007, kabla sijaingia kundini, niliwaona kwa macho yangu vijana wa mtaa wakigawiwa fulana na mia mbili mbili na mtu aliyeteremka kwenye gari, wakaambiwa mkutano wa mpinzani usifanyike pale uwanjani. Haukufanyika. Hao wote mnawajua kwa majina ya ukoo. Kama karatasi lazima iwepo, basi ianzie kwao, na waandikwe kwa kalamu ile ile.

Nyumba Kumi tuliichukua kwa ndugu zetu wa Tanzania mwaka 2013. Kule balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu wa kumpokea mgeni, kusuluhisha mume na mke, kujua nani amelala njaa. Sisi tuliichukua wakati wa hofu, baada ya shambulizi la Westgate, tukachukua upande wa kuchungulia tu. Upande wa pili bado uko pale, haujapotea.

Ombi langu si kubwa. Kabla jina la mtoto halijaandikwa, watu wawili wafike nyumbani kwake na kumuuliza lile swali la pili. Likiandikwa, liwe jina lake alilopewa na wazazi, pawe na tarehe, pawe na kitendo chenyewe, na aliyeona asimame nalo mbele ya kamati. Mzazi aambiwe. Na kila mwaka, mkitaka baada ya Ramadhani, mkitaka Desemba, karatasi ifunguliwe mbele ya kamati nzima, na kila mstari uulizwe: huyu yuko wapi sasa? Ukifutwa, mfute pamoja, nyote mweke sahihi, ili asiwepo mzee mmoja wa kuulizwa peke yake. Hofu ya yule mzee wangu ilikuwa ya mtu mmoja. Ikigawanywa kwa watu tisa inabebeka.

Huyo mdakaji wa miaka 14 nilimfuata juzi. Niliuliza swali la kwanza akacheka. Nikauliza la pili akanyamaza, akaanza kuchimba mchanga kwa kidole cha mguu. Hajakata mtu. Anabeba. Anajua kwamba mimi najua, na jana amelala nyumbani. Mama yake anafua nguo za watu Nyali, Jumamosi huwa amerudi kufikia saa kumi.

Jumamosi hii, baada ya alasiri, nitawaleta wote wawili kwenye kikao chenu, yeye na mama yake. Nimemwambia avae shati la shule. Naomba karatasi iwepo mezani, na kalamu.

Wenu,
Fundi wa injini, Mombasa